FEDHA YA UMMA NA VIWANJA VYA WENYE TIMU

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi



Tumepewa nafasi hii tuseme habari za mpira. Huenda wapo wanaojiuliza, tangu lini chama cha siasa kikaacha mambo ya mashamba, shule na dawa, kikashika mambo ya mpira? Jibu letu ni fupi. Popote fedha ya umma inapokwenda, wananchi hawana budi kuifuata kwa macho. Ikienda shuleni tuifuate, ikienda barabarani tuifuate, na ikienda uwanjani tuifuate vile vile. Kodi haibadiliki ikawa kitu kingine kwa sababu imenunua nyasi na milingoti ya goli.

Tunataka kuwaeleza habari za Marekani, maana huko jambo hili limekwisha kukomaa, na matunda yake yanaonekana. Baadaye tutarudi nyumbani.

Kwanza ni lazima tufahamu jinsi mambo yao yalivyo. Timu kubwa za mpira wa kulipwa huko Marekani, karibu zote, ni mali ya matajiri. Mtu hununua timu kama anavyonunua kiwanda. Wenye timu hao wamejiunga pamoja katika chama chao. Katika mpira ule wa Kimarekani wa kushika kwa mikono, chama hicho huitwa NFL, nacho kina timu 32 tu. Miji mikubwa inayotaka timu ni mingi kuliko timu zenyewe, na hakuna mji unaoweza kujianzishia timu yake na kuiingiza humo pasipo ruhusa ya wenye timu wenyewe. Nanyi wafanya biashara wa sokoni mnajua: bidhaa ikiadimika, mwenye nayo ndiye apangaye bei. Basi tajiri husema kwa serikali ya mji: nijengeeni uwanja, ama nitahama. Na mji ukisita, mji mwingine umekwisha kunyosha mkono.

Chukueni mfano wa mji wa St. Louis, katika jimbo la Missouri. Mji huo ulikuwa na timu ya Cardinals. Mwenye timu akataka uwanja mpya, hakuupata, na mwaka 1988 akaichukua timu yake akaihamishia Arizona. Wakuu wa St. Louis wakaona aibu. Wakaamua kujenga uwanja mkubwa wenye paa, nao hata timu ya kuchezea humo hawakuwa nayo. Walipataje fedha? Waliuza hatifungani, yaani karatasi za deni, ambazo mnunuzi huukopesha mji leo, na mji humlipa mkopo na faida yake kwa miaka mingi. Kila mwaka malipo yalikuwa dola milioni 24: jimbo lilitoa milioni 12, mji milioni 6, na wilaya ya jirani milioni 6. Hiyo ndiyo fedha ya umma tunayoisema.

Mwaka 1995 timu ya Rams ikatoka Los Angeles ikaja St. Louis. Watu wakashangilia, na ilikuwa haki yao kushangilia. Walakini ndani ya mkataba kulikuwa na maneno machache yaliyofichika kama mwiba katika majani. Mkataba ulisema kwamba uwanja huo lazima uwe miongoni mwa robo bora ya viwanja vyote vya NFL, upimwe mwaka 2005, na upimwe tena mwaka 2015. Usipokuwa hivyo, timu iko huru kuvunja upangaji wa miaka mingi. Hebu fikirini, ndugu zetu! Kila mwaka miji mingine inajenga viwanja vipya, vya fahari zaidi. Ni nani awezaye kuahidi kwamba nyumba aliyoijenga leo itakuwa miongoni mwa zile bora baada ya miaka ishirini? Wakuu wa mji waliweka sahihi, na mwananchi wa kawaida hakujua alichotiliwa sahihi.

Saa ya kupimwa ilipofika, mwenye timu alikuwa Bwana Stan Kroenke. Vijana wengi humu mnalijua jina hilo, maana ndiye huyo huyo mwenye Arsenal ya London. Timu ikadai matengenezo yapatayo dola milioni 700. Mwaka 2013 waamuzi waliochaguliwa na pande zote mbili wakasema kwamba, kwa mujibu wa mkataba, timu ina haki. Mji haukuweza kutoa fedha hiyo. Hata hivyo ukajaribu tena, ukatunga mpango wa uwanja mpya ukingoni mwa mto Mississippi. Haikusaidia kitu. Mwezi wa Januari 2016 wenye timu wa NFL wakapiga kura, 30 wakakubali na 2 wakakataa, Rams ikarudi Los Angeles. Huko nyuma uwanja ukabaki bila timu, na deni likabaki na wananchi.

Sasa sikilizeni lililo zito kuliko yote. Kule Los Angeles tajiri huyo alijenga uwanja wake kwa mabilioni ya dola, bila kuomba kodi ya mji imjengee. Ukafunguliwa mwaka 2020. Basi kumbe fedha alikuwa nayo! Hakukosa uwezo wa kujenga. Matajiri hudai kodi za watu kwa sababu watu hukubali kuzitoa, na wakikutana na penye faida kubwa, hujenga wenyewe.

Watu wa St. Louis hawakulala. Walifungua kesi, wakasema kwamba chama cha wenye timu kimevunja kanuni zake chenyewe juu ya timu kuhama. Mwezi wa Novemba 2021 Kroenke na NFL wakakubali kulipa dola milioni 790 kumaliza kesi. Fungu hilo latufundisha kwamba mwananchi anayeshika karatasi zake na kudai haki si mnyonge. Lakini latufundisha pia kwamba ni heri kuusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi kuliko kuupeleka mahakamani baadaye.

Wapo watakaosema: mbona uwanja huleta kazi, biashara na wageni? Hoja hii tusiidharau, maana ndiyo inayotumika kila mahali. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa uchumi, Roger Noll na Andrew Zimbalist, walitoa kitabu kilichochunguza jambo hili huko Marekani. Hawakuona kwamba viwanja hivyo vimeinua uchumi wa miji kama ilivyoahidiwa, na wachunguzi wengi waliowafuata wamesema mamoja nao. Sababu yake si ngumu. Mtu mwenye shilingi zake za starehe, akizipeleka uwanjani, hazipeleki kwa mama muuza chakula wa mtaani kwake wala kwenye sinema. Fedha imehama mfuko, haikuzaliwa. Tena katika msimu wa NFL timu hucheza nyumbani michezo minane au tisa tu. Je, kazi ya kuuza soda siku tisa kwa mwaka ni kazi ya kumlisha mtu na watoto wake? La, hasha.

Hata sheria zao, zilizotungwa kwa nia njema, ziliwageuka. Mwaka 1986 serikali yao kuu ilitaka kuzuia viwanja vya matajiri visijengwe kwa hatifungani zisizotozwa kodi. Ikaweka mpaka: ili hatifungani zipate msamaha huo, mapato ya uwanja yasilipe zaidi ya sehemu moja katika kumi ya deni. Ilidhaniwa kwamba miji itashindwa na kuacha. Miji haikuacha. Ilikubali kubeba sehemu tisa zilizobaki kwa kodi ya hoteli, magari na madukani, na mwenye timu akabaki na mapato ya uwanja. Mtego uliotegwa kwa tajiri ukamnasa mlipa kodi.

Twendeni mji wa Seattle. Huko walijenga uwanja ulioitwa Kingdome, ukafunguliwa mwaka 1976. Timu zikadai viwanja vipya, na mwezi wa Machi mwaka 2000 Kingdome ukabomolewa kwa baruti. Vumbi lilitulia siku ile ile, lakini deni halikutulia; watu wa pale waliendelea kulipa mpaka mwaka 2015. Miaka kumi na mitano walilipia shimo! Walipoombwa tena fedha za umma kwa ajili ya ukumbi wa mpira wa kikapu, walikataa. Mwaka 2008 timu yao ya SuperSonics, waliyoipenda kwa zaidi ya miaka arobaini, ikahamishiwa Oklahoma City. Hatutawaficha, ndugu zetu: kukataa kuna uchungu wake. Watu walilia. Lakini mji wa Seattle haukufa. Na ukumbi ule ule uliosemwa kwamba haufai ukajengwa upya, kwa fedha za wenye mitaji wenyewe, ukafunguliwa mwaka 2021.

Je, hakuna njia nyingine? Ipo. Katika jimbo la Wisconsin kuna mji mdogo uitwao Green Bay, wenye watu wapatao laki moja tu. Timu yake, Packers, imo katika NFL pamoja na miji yenye mamilioni ya watu. Tangu mwaka 1923 timu hiyo ni mali ya wananchi wenye hisa, nao leo wapita laki tano. Hisa hizo hazileti gawio, wala hakuna mtu mmoja anayeruhusiwa kujikusanyia hisa nyingi akaikamata timu. Mwaka 1956 wananchi wa Green Bay walipiga kura kukubali deni la kujenga uwanja, ukafunguliwa mwaka 1957, na gharama mji na timu wakagawana nusu kwa nusu. Mwaka 2000 wakapiga kura tena kukubali kodi ya nusu asilimia madukani kwa ajili ya kuutengeneza, na mwaka 2015 kodi hiyo ikafutwa kwa kuwa kazi yake imekwisha. Tazameni tofauti: waliulizwa, wakajibu, wakalipa, wakamaliza. Na timu haiwezi kuwakimbia, maana timu ni wao.

Basi turudi nyumbani. Hapa Tanzania tuna Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, wa watu 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007 kwa msaada wa China. Uwanja huo ni wa taifa. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 huingia humo kama wapangaji, na mpangaji ana wajibu wake. Tarehe 1 Oktoba 2016, timu hizo zilipokutana, mashabiki waling'oa viti, na Serikali ikazifungia klabu zote mbili zisiutumie. Jambo hilo lilikuwa sawa kabisa, kwa sababu kiti kile si cha Simba wala cha Yanga, ni cha mkulima wa Songea na mvuvi wa Mwanza ambao hawajakanyaga hata geti lake. Tunao pia mfano wa Chamazi, ambako Azam walijijengea uwanja wao wenyewe. Ni mdogo kuliko wa taifa, lakini ni wa kwao, na matengenezo yake hayamuumizi mlipa kodi.

Sisi hatusemi Serikali isijenge viwanja. Mtoto wa maskini ana haki ya mahali pa kuchezea, na taifa lina haki ya kukaribisha wageni kwa heshima. Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa kwa pamoja mashindano ya Afrika ya mwaka 2027, na kazi ya viwanja ikaanza katika nchi zote tatu. Kwa hiyo swali letu si la mbali, limo mlangoni: mashindano yakiisha, wageni wakaenda zao, uwanja utakuwa wa nani, na nani ataulipia taa na maji?

Tunapendekeza mambo manne, myachukue mpaka kwenye vikao vya mitaa yenu na kwa madiwani wenu. Kwanza, uwanja uliojengwa kwa fedha ya umma ubaki mali ya umma, usihamishwe kwa mtu wala kwa kampuni kimya kimya. Pili, klabu ya mpira wa kulipwa ilipe pango la haki, na ijulikane ni kiasi gani. Tatu, kila mkataba usomwe hadharani kabla ya kutiwa sahihi, maneno yote, hata yale madogo ya mwisho. Maana wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nne, pale mwenye mtaji anapoingia katika klabu zetu, wanachama washikilie sehemu yao kubwa wasiilegeze. Green Bay imedumu kwa sababu hiyo hiyo moja.

Ndugu wanachama, kumpenda mchezaji si dhambi, na kuipenda timu si ujinga. Humu ukumbini wamo wa jangwani na wamo wa msimbazi, na Jumamosi tutatukanana kwa furaha kama ilivyo ada. Lakini Jumatatu mtoto hurudi shuleni, na dawati lake linatoka katika mfuko ule ule uliojenga uwanja. Mtu akija kwenu na rangi za timu begani, akasema toeni tu, msiulize, mwambieni kwamba ninyi ni mashabiki Jumamosi na wananchi siku zote saba. Kisha mwombeni awaonyeshe mkataba.