Shawa ya umeme au shawa ya boila: tuulize nini kabla ya kuchagua?

 

Baadhi yenu mmepata barua kutoka kwa mwenye nyumba: bafu litatengenezwa upya, mnataka shawa ya namna gani? Wengi huweka alama popote ili karatasi iondoke mezani. Leo nawaomba msifanye hivyo. Alama hiyo ndogo inagusa bili yenu ya kila mwezi, na pia inaamua kama mtaoga maji ya moto siku boila ikiharibika katikati ya baridi.

Tuanze na jinsi zinavyofanya kazi. Shawa ya umeme ni kisanduku ukutani. Inapokea maji baridi tu na kuyapasha moto palepale yanapopita. Haitegemei boila. Shawa ya kuchanganya yenyewe haipashi maji. Inapokea maji ya moto kutoka kwenye boila au tangi, na maji baridi kutoka bombani, kisha inayachanganya.

Sasa pesa. Hapa Uingereza, kwa bei za miaka hii ya karibuni, uniti moja ya umeme ni kama peni 25 na ya gesi ni kama peni 6. Shawa ya umeme ya kilowati 9.5 ikiwaka dakika 10 inakula kama uniti 1.6, yaani peni 40 hivi. Shawa ya boila ya gesi ikitoa lita 10 kwa dakika, kwa dakika hizohizo 10 itakula kama uniti 4 za gesi, yaani peni 25 hivi. Watu wanne wakioga kila siku, tofauti kwa mwezi ni kama pauni 18.

Lakini msikimbilie gesi bado. Shawa ile ya umeme imetumia kama lita 45 za maji, na ile ya boila lita 100. Kama nyumba yenu ina mita ya maji, mtalipia na hizo lita za ziada, na nafuu ya gesi inaweza kuisha yote. Na kama nyumba haina gesi, tangi linapashwa kwa umeme, basi nafuu hiyo haipo kabisa.

Swali la pili: mko wangapi? Kama maji ya moto yanatoka kwenye tangi, mtu wa nne au wa tano anaweza kukuta yamekwisha. Shawa ya umeme haiishiwi maji ya moto. Ila maji yake hutoka kidogo, hasa wakati wa baridi, kwa sababu maji yanayoingia ni baridi zaidi na lazima yapite polepole ili yapate moto. Haijaharibika, ndivyo ilivyo.

Swali la tatu: mnalipaje? Wenye mita za kulipia kabla, sikieni hapa. Boila ya gesi inahitaji pia umeme ili iwake. Kwa hiyo shawa ya boila inataka salio la gesi na la umeme, yote mawili. Ya umeme inataka salio moja, lakini inalimaliza haraka.

Kuna na watoto. Mtu akifungua bomba jikoni, maji ya shawa ya kuchanganya yanaweza kubadilika ghafla na kumuunguza aliye chini yake. Mkichagua hiyo, ombeni yenye kifaa cha kushika joto lisibadilike. Na shawa yoyote ile, mpime maji kwa mkono kabla mtoto hajaingia.

Kwa maoni yangu, familia yenye boila ya gesi iliyo nzima, isiyo na mita ya maji, ichukue ya kuchanganya. Nyumba isiyo na gesi, au yenye tangi dogo na watu wengi, ichukue ya umeme. Nyumba yenye bafu mbili, weka moja ya kila aina: moja ikikataa, mtaogea nyingine.

Jambo la mwisho. Asije kijana wa jirani kuifunga kwa bei ya chini. Shawa ya umeme inahitaji waya wake peke yake, mnene, kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi. Waya mwembamba unaweza kuchoma nyumba. Boila iguswe na fundi mwenye kitambulisho cha Gas Safe tu, na mna haki ya kuomba kukiona. England na Wales, sheria ya mwaka 1985 inamtaka mwenye nyumba atengeneze vifaa vya kupasha maji vikiharibika. Kwa hiyo mwandikieni, msiishie kumwambia kwa mdomo, na mtunze nakala.

Mkisikia harufu ya gesi, msiguse swichi. Fungueni madirisha, tokeni nje, pigeni 0800 111 999. Ni bure, usiku na mchana.

Kwa hiyo leo mkirudi nyumbani, tazameni mita ya maji, tangi na boila kwanza. Karatasi mtaijaza baadaye. Haya, nani ana swali?