Komando Hapimwi kwa Misuli

Niliombwa nizungumze juu ya kitu kinachowagusa vijana, nami nikachagua makomando. Cheka tu, lakini ni nani kati yetu hakuwahi kumtazama Rambo kwenye kibanda cha video, kisha akarudi nyumbani amejifunga kitambaa kichwani?

Anza na kisa kilichotokea jirani na sisi. Aprili 2009 meli ya mizigo Maersk Alabama ilikuwa njiani kuja Mombasa, maharamia wa Kisomali wakaiteka. Mabaharia waliiokoa meli yao, lakini nahodha Richard Phillips akachukuliwa kwenye mashua ya uokozi. Tarehe 12, usiku ukiingia, walenga shabaha wa Navy SEALs, makomando wa jeshi la majini la Marekani, walifyatua risasi kutoka kwenye manowari inayoyumba, na maharamia watatu wakafa papo hapo. Siasa yake niachie, kila mtu ana lake. Mimi nauliza tu: mtu wa namna hii hutengenezwa vipi?

Hutengenezwa pwani, ila pwani ya baridi: Coronado, karibu na San Diego, California. Kabla ya kupokelewa kuna mtihani. Kwa miaka mingi kima cha chini kimekuwa kuogelea kama mita 457 kwa dakika 12 na nusu, pushapu 50 kwa dakika mbili, kujivuta kwenye chuma mara 10, na kukimbia kilomita 2.4 kwa dakika 10 na nusu. Kijana wa mtaani anayecheza mpira kila jioni akijitahidi anaweza kufika hapo. Huo ni mlango tu. Mafunzo yenyewe ni wiki 24, na kati ya kumi wanaoanza, saba au nane hawafiki mwisho.

Linalonishangaza zaidi ni zoezi la kidimbwi. Unafungwa mikono nyuma, unafungwa na miguu, unatupwa majini. Mwenye misuli ya kujivunia akianza kupigana na maji anamaliza pumzi, na mwili wake mzito unamvuta chini. Anayefaulu hujiachia mwenyewe, anazama taratibu hadi chini, anasukuma sakafu kwa miguu, anapanda juu kuvuta pumzi moja, kisha anazama tena. Dakika baada ya dakika. Halafu aogelee vilevile amefungwa, na mwishowe aokote miwani ya kuzamia chini kwa meno! Mvuvi wa kwetu angekuelewa haraka: maji hayashindwi kwa nguvu.

Kisha kuna ile wanayoiita Wiki ya Jahanamu. Inaanza Jumapili jioni hadi Ijumaa. Katika siku zote hizo usingizi haufiki saa nne kwa jumla. Wanakimbia na mashua ya mpira vichwani, wanabeba magogo kwa pamoja, wanalazwa kwenye mawimbi wameshikana mikono, wanatetemeka. Lakini hawanyimwi chakula, wanapewa milo minne kwa siku, manake mwili unaotumika hivyo bila kulishwa utazimika. (Sisi tunaofunga huku tumelala mchana kutwa, hebu tujitazame kidogo.)

Anayetaka kuacha hazuiwi. Iko kengele: unaigonga mara tatu, unaweka helmeti yako chini, basi, unapata blanketi na kahawa. Wengi huigonga siku mbili tatu za mwanzo, si kwa sababu mfupa umevunjika, bali wamehesabu siku zilizobaki. Aliye kwenye mawimbi Jumatatu usiku akiwaza Ijumaa, huyo ameshaondoka. Anayewaza mlo ujao tu huenda akafika.

Mpaka hapa hadithi ni tamu, na filamu huishia hapo. Mimi naona isiishie hapo. Tarehe 4 Februari 2022 kijana wa miaka 24, mwanamichezo wa chuo kikuu, aliimaliza wiki hiyo. Hakugonga kengele. Saa chache baadaye alikufa kwa nimonia. Ndani ya wiki ile alikuwa ameshapewa oksijeni, kisha akarudi mazoezini. Kukata tamaa kulikuwa na kengele yake. Mapafu yanayojaa maji hayakuwa na kengele, na mtu aliyefundishwa kutosema "nimeshindwa" hatakwambia anaumwa. Ndiyo maana mzigo ule ulikuwa juu ya wanaomsimamia. Uchunguzi wa jeshi la majini uliotolewa 2023 ulikiri wazi kwamba usimamizi wa kitabibu ulikuwa na kasoro kubwa. Tangu kifo kile, wanaomaliza wiki hiyo hawaachwi tena wakajilalie wenyewe, wahudumu wa afya hubaki wakiwaangalia.