HOTUBA YA MWENYEKITI KATIKA SHEREHE YA MIAKA KUMI: TUZIBE UFA KWANZA



 

 Wenzetu wa Mikumi nawapa pole ya safari. Najua mmepita Ulaya bila pasi ya kusafiria, na vumbi la Ulaya yetu ile mmekuja nalo mpaka hapa. (Kicheko)

Katibu ameshasoma risala. Hesabu za hisa, mikopo na mfuko wa jamii zimebandikwa pale ukutani, kila mtu akaangalie jina lake. Mimi sitazirudia. Mimi ni mama wa darasa la saba, hotuba ndefu siziwezi. Nimeomba nizungumzie jambo moja tu, nalo ni nyumba zetu tunazolala. Na ndani ya jambo hilo kuna kosa moja ambalo nataka nilikiri mbele yenu, maana kitabu hiki cha miaka kumi kikiandika mazuri peke yake kitakuwa cha uongo.

Ndugu zangu, wa Kilosa hatuhitaji kufundishwa nguvu ya maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja tuta ukaingia mjini. Reli ya Kati ilikatika. Maelfu ya watu walihama, na wengi waliishi kwenye mahema. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nyumba yangu ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa nyasi, na fedha yangu ilikuwa chini ya godoro. Fedha ilikwenda na godoro lake. Kule kwenye mahema ndiko wengi wetu tulikojifunza kwamba mwanamke asiweke akiba mahali ambapo maji yanapafikia. Sanduku letu la kufuli tatu lilizaliwa miaka michache baadaye, lakini mimba yake ilitungwa kule.

Basi maji yalipopungua nilirudi kutazama. Nilichokiona sijakisahau. Nyumba za udongo zilikuwa zimelala chini, ndiyo. Lakini na nyumba za tofali za kuchoma nazo nyingine zilikuwa zimelala. Ya jirani yangu ilikuwa ya tofali nzuri kabisa nyekundu, ila msingi wake ulikuwa kiganja tu ardhini, na tofali zilikuwa zimeunganishwa kwa udongo. Na huku juu kidogo ilikuwepo nyumba ya bibi mmoja, ya fito na udongo, ya zamani kuliko mimi. Imekaa juu ya mawe, kimo cha goti. Paa lake limetoka nje mpaka barazani, unaweza kukaa chini yake mvua ikinyesha usilowe. Ile ilikuwa imesimama.

Nilipaswa kujifunza siku ileile. Sikujifunza.

Kikundi kilipokua tukaanza kutoa mikopo ya ujenzi. Tukaweka sharti, na aliyelipendekeza ni mimi: mkopo wa nyumba ni kwa nyumba ya tofali tu. Tuliona tunawavuta watu kwenye maendeleo. Mwaka 2020, wakati wa kiangazi, mwenzetu mmoja mjane alikuja kwenye mkutano. Jina lake silitaji, mwenyewe yupo hapa na amenipa ruhusa nisimulie. Alitaka mkopo mdogo tu, wa mawe ya kuzungushia chini ya ukuta wake wa udongo, na bati chache za kurefusha paa upande wa mvua. Ukuta ulikuwa umeanza kuliwa chini. Nikamjibu mbele za watu, "Dada, kikundi hakikopeshi udongo. Jikusanye ununue tofali, kisha uje." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Masika ya mwaka 2021 ukuta ule ulianguka usiku. Ulimwangukia mguuni. Watoto walikuwa wamelala upande wa pili, Mungu ni mwema. Alikaa miezi hatembei vizuri, na hakuja tena kwenye mkutano. Hakutukana, hakulalamika. Alinyamaza tu.

Jamani, sote tunajua kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenzetu alikuja kuomba udongo wa kuziba ufa, mimi nikamwambia hapana, nenda kajenge ukuta. Dada yangu, nilikwisha kukuomba radhi nyumbani kwako. Leo nakuomba radhi mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipokuaibisha. (Makofi)

Sasa niwaeleze tulichofanya, maana wengi mmekisikia kwa mbali na mnakiita "nyumba ya majani ya ng'ombe".

Tulipokwenda kumpa pole tulikuta hana fedha ya tofali, na sisi mfuko wa jamii ulikuwa mdogo. Kijana wangu akatusomea kwenye simu habari za watu wanaojenga kwa marobota ya mabua. Kimamba mnalijua robota, robota la katani. Basi hili ni robota vilevile, ila la mabua makavu yaliyoshindiliwa na kufungwa kamba. Kule Marekani, katika jimbo la Nebraska, walowezi walianza kujenga hivyo mwishoni mwa miaka ya 1800, kwenye nchi ya mchanga isiyokuwa na miti. Mashine za kufunga majani zilikuwepo, majani yalikuwepo, wakayapanga kama tofali. Kwenye mji mdogo wa Arthur walijenga kanisa la marobota mwaka 1928, na bado limesimama. Na huko Pakistani, baada ya tetemeko kubwa la mwaka 2005, watu walijengewa nyumba za namna hiyo. Mwaka 2009 nyumba ya mfano ilijengwa juu ya meza ya kutikisa katika Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, ikatikiswa kama tetemeko la kweli na haikuanguka. Kilichonigusa mimi ni kwamba wale wa Pakistani hawakuhitaji mashine kubwa. Marobota yao waliyashindilia kwa mkono.

Nikasema, ala! Mabua si ndiyo haya tunayoyachoma moto Chanzuru na Ilonga kila baada ya kupiga mpunga? Na bibi zetu walipokandika nyumba si walikuwa wanachanganya majani kwenye udongo usipasuke? Kwa hiyo majani ukutani si ugeni.

Tukamwendea mwenyewe. Tulimwuliza, safari hii hatukumwamulia. Akasema, "Tujaribu chumba kimoja."

Kazi ilikwenda hivi. Kwanza kiwanja: tuliacha pale chini, tukapanda upande wa juu. Robota likizamishwa kwenye maji huoza, kwa hiyo mtu wa bondeni karibu na Mkondoa nisimdanganye, hii si dawa yake. Kisha msingi wa mawe, kimo cha goti, kama wa yule bibi. Kisha nguzo za mitiki kutoka shamba la mwanachama. Wenzetu wa Mikumi wanajua kwamba miti ya hifadhini haiguswi, na tanuri moja la tofali linakula kuni ambazo siku hizi kuzipata ni shida. Kisha tukaezeka bati kabla ya kuwa na ukuta hata mmoja. Watu walipita wakicheka kwamba tunajenga banda la mnada. Lakini ndivyo inavyotakiwa: marobota yakae chini ya paa, yasionje mvua.

Fundi seremala alitutengenezea sanduku la mbao lisilo na kitako, la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, sawa na wanalotumia wafugaji kufungia majani ya ng'ombe. Unatandika kamba mbili za katani, unajaza mabua, mama mmoja anapanda juu anashindilia kwa miguu, unafunga, unanyanyua sanduku. Tulicheza ngoma juu ya sanduku lile siku nne. Chumba kimoja kilikula marobota 80 hivi. Tuliyapanga kwa kupishanisha kama tofali, tukayashona kwa fito, tukayabana kwenye nguzo. Halafu tukasiriba udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na mabua yaliyokatwakatwa, ndani na nje, mara tatu, kila mara tukiacha ukauke. Mwisho chokaa. Saruji hatukuweka, kwa sababu hufungia unyevu ndani ya ukuta, na juu ya udongo hubanduka.

Mliuliza kuhusu moto. Kweli, siku za kujenga, mabua yakiwa yametapakaa, hata kiberiti tulikataza kiwanjani. Lakini robota likishashindiliwa na kufunikwa udongo pande zote, hewa ya kuulisha moto haimo. Hata hivyo jiko tumeliweka mbali.

Yaliyoharibika nayo niyaseme. Robota moja chini ya dirisha lililowa kabla halijasiribwa, tukaliacha kwa uvivu. Baada ya wiki chache chumba kikanuka uyoga. Ikabidi tubomoe pale tulitoe, lilikuwa jeusi kama kinyesi cha ng'ombe. Kwenye kizingiti tuliacha tundu, panya wakahamia. Na mchwa hawalali: mwenye nyumba lazima atazame msingi wake kila mwezi, akiona njia ya mchwa aikwangue. Nyumba hii inataka mtu anayeitazama. Lakini ipi isiyotaka?

Zilipokuja mvua za El Nino mwishoni mwa mwaka 2023 na masika ya 2024, mimi sikulala. Kila radi ikipiga namfikiria mwenzangu. Siku moja asubuhi nilivaa mabuti nikaenda. Nikamkuta barazani anachambua mchicha, chini ya paa, mkavu. Nikagusa ukuta kwa ndani: mkavu. Akaniambia, "Mwenyekiti, chumba hiki mchana hakina joto, na mvua ikipiga siisikii ukutani, naisikia batini tu." Kisha akasema neno ambalo ndilo nimelileta hapa leo. Akasema, "Lakini hata ule ukuta wangu wa zamani ungesimama, kama ungevalishwa hivi chini na juu."

Akina mama, hapo ndipo nilipofumbuka macho. Sikuja kuwaambia wote mjenge kwa mabua. Mwenye uwezo wa tofali na ajenge tofali. Nimekuja kusema kwamba nyumba ya mnyonge mara nyingi haiuawi na ukuta wake. Inauawa na maji, na maji yana milango miwili: chini kwenye msingi, na juu kwenye paa. Ukifunga milango hiyo, udongo utasimama, mabua yatasimama, tofali zitasimama. Ukiiacha wazi, hata tofali nyekundu zitalala kama za jirani yangu.

Kwa hiyo naomba mkutano huu uamue mambo matatu. Moja, lile sharti la tofali tulifute leo. Pili, tuanzishe mkopo mdogo wa msingi na paa, kwa nyumba ya aina yoyote, utolewe wakati wa kiangazi kabla mvua hazijaja, na urejeshwe baada ya mavuno. Tatu, kila mwaka mwezi wa tisa tuteue akina mama watatu wapite nyumba kwa nyumba, Kilosa na Mikumi, watazame ukuta umeliwa wapi na paa linavuja wapi. Wasisubiri mtu aje kuomba. Maana anayeomba mara moja akachekwa, mara ya pili haji.

Mgeni Rasmi, kwako tuna ombi moja dogo: utusaidie kupata fundi wa kuwafundisha vijana wetu kujenga msingi wa mawe. Mawe yapo, vijana wapo.

Ndugu zangu, miaka kumi iliyopita tuliweka fedha mahali pasipofikiwa na maji. Miaka kumi ijayo tuwaweke na watu wetu hapo. Baada ya chakula mnakaribishwa kwenda kuona kile chumba. Mwenyewe ameshatandika mikeka, na amesema kila mtu aruhusiwe kuusukuma ukuta.

Akina mama oyee! (Oyee!) Akiba oyee! (Oyee!)