Tukaze Mabati Kabla ya Mvua
Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya Tanzania. Hapa Muyinga, Burundi, hakikufika, lakini upepo unaotangulia mvua zetu za Septemba na Oktoba huezua mabati vilevile. Panda ngazi leo, tikisa bati moja moja. Msumari uliolegea upigwe upya, kenchi zifungwe kwa waya hadi ukutani. Kisha tazama chini: nyumba ya matofali mabichi huanza kuliwa msingini, pale maji ya paa yanapodondokea. Chimba mfereji uyapeleke mbali, ila si kwa jirani wa bondeni! Radi zikianza, watoto watoke chini ya miti. Na wajane wanaoishi peke yao? Kazi za jamii za Jumamosi zianzie kwenye mapaa yao.