MAFUNZO YA SERIKALI SI HISANI: UKIONEWA, UNA KARATASI?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana mafundi na wanafunzi wa ufundi mjini Kasulu, na kurudiwa Kibondo. Tunayachapa kama yalivyosemwa, tumepunguza salamu tu.)

Salamu zimetosha. Mwenyekiti ameshawataja wakubwa wote waliopo na hata wasiokuwepo, kwa hiyo mimi naingia moja kwa moja.

Nyoosha mkono kama umewahi kuingia kwenye mafunzo yoyote ya ufundi yanayolipiwa na Serikali. Iwe VETA, iwe Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, iwe uanagenzi wa miezi sita. Naona mikono mingi. Sasa usiushushe kama siku ya kwanza ulipewa karatasi inayosema: ukinyimwa vifaa, ukifukuzwa, ukiombwa kitu kidogo, nenda kwa fulani, naye atakujibu ndani ya siku kadhaa.

Mbona yote imeshuka?

Basi hilo ndilo lililonileta. Tuseme kijana wa hapa mjini amechaguliwa kujifunza kuchomelea vyuma. Anapangiwa karakana. Mwezi wa kwanza anafagia. Mwezi wa pili anabeba mageti kupeleka kwa wateja. Mwezi wa tatu ndiyo anashika mashine, na miwani ya kukinga macho hakuna. Akiuliza, anaambiwa ana kiherehere. Mwezi wa tano jina lake halimo tena kwenye orodha, limeingia jina la mpwa wa mtu. Au amalize yote miezi sita, halafu cheti kiwe njoo kesho, njoo kesho kutwa, mpaka kazi aliyokuwa akiiwinda inachukuliwa na mwingine.

Kijana huyu atakwenda wapi? Atakwenda kijiweni. Atasimulia, atachekwa, atapewa sigara, basi. Jamani, kijiwe hakina masjala! Malalamiko yanayopelekwa kijiweni huishia kijiweni, na bwana mkubwa aliyekata jina lako anaendelea kulala usingizi.

Tunakaa kimya kwa sababu tumeaminishwa kwamba mafunzo haya ni zawadi. Unapewa bure, sasa unalalamika nini? Huo ni uongo wa mchana. Kila mwezi waajiri nchini wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, inahesabiwa kwa asilimia ya mishahara ya wafanyakazi na kukusanywa na TRA. Zamani ilikuwa asilimia 6. Mwaka 2013 ikashushwa kuwa 5, mwaka 2016 ikawa 4.5, na mwaka 2023 ikafikishwa 3.5. Sehemu ya fedha hiyo ndiyo inayoendesha VETA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ile Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyoanzishwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu mwaka wa fedha 2016/17 na ambayo uanagenzi ni tawi lake mojawapo, nayo imeendeshwa kwa fedha za umma. Hakuna mheshimiwa aliyetoa hata senti mfukoni mwake. Jasho la wenye mishahara ndilo linalokusomesha wewe usiye nao bado, na mwenye kusomeshwa kwa jasho la wananchi ana haki ya kuuliza limekwenda wapi.

Sisi watu wa huku tunapaswa kuwa wa kwanza kuuliza, maana historia yetu inatufundisha. Babu zetu wa Kasulu na Kibondo ndio waliokuwa manamba wa mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuandikisha vibarua, likaitwa SILABU, na Buha ikawa ghala lao la mikono. Mtu akawa namba, ndiyo maana ya jina hilo. Alipewa kipande chenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku aliyoitumikia isipotiwa alama kwenye kipande, ilipotea. Na chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, kibarua aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha alihesabiwa mhalifu, akafikishwa mbele ya hakimu. Hebu fikirini hapo. Aliyeonewa akikimbia, yeye ndiye mwenye kesi! Naye nyapara aliyekataa kutia alama, nani alimshika?

Nawakumbusha kipande kwa sababu jambo la alama halijakwisha. Leo alama yako ni muhuri wa masjala, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo vijana wengi wanapoliwa.

Usilalamike kwa mdomo peke yake. Mdomo haufunguliwi jalada. Andika barua, hata kwa kalamu, hata ukurasa mmoja. Taja tarehe. Taja jambo lililotokea, siyo matusi. Usiandike kwamba fulani ni mwizi. Andika kwamba tarehe fulani uliambiwa utoe fedha kiasi fulani, na fulani na fulani walikuwepo. Eleza unataka nini: urudishwe darasani, upewe cheti, ulipwe. Barua isiyotaja inachotaka ni kilio tu. Kisha toa nakala. Peleka zote mbili masjala, moja waichukue, ya pili waigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe uondoke nayo. Karani akikwambia acha tu hapo tutamfikishia bosi, usiondoke. Cheka naye, msalimie nyumbani kwake, mwambie shikamoo kama ni mkubwa wako, lakini usiondoke bila muhuri. Ukishaupata, upige picha kwa simu na umtumie mwenzako, kwa sababu simu hupotea na nyumba huvuja.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Kwa sababu siku zinahesabiwa, na wanaozihesabu si rafiki zako.

Sikilizeni vizuri. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, iliundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004. Hulipi ada ya kufungua shauri. Unajaza fomu namba 1, unampa nakala yule unayemlalamikia, mnaitwa kusuluhishwa, na usuluhishi umepewa siku 30. Mkishindwana, inafuata hatua ya uamuzi. Lakini kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2007, ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kufungua shauri. Kwa migogoro mingine ni siku 60. Wanaposema njoo kesho mara arobaini, wewe unadhani ni uvivu wa ofisi. Huenda ni uvivu. Lakini siku zako 30 zimekwisha, na mlango umekupiga usoni.

Mtaniambia, sisi ni wanagenzi, si waajiriwa, CMA inatuhusu nini? Ndivyo mnavyoambiwa karakanani. Someni kifungu cha 61 cha sheria hiyohiyo. Kinasema mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya yaliyotajwa: kazi yake inaelekezwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vifaa vya kazi, au amefanya kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Kuna vijana hapa wanazimaliza kwa wiki moja. Sisemi kila mwanagenzi atashinda. Nasema mwenye karakana asikufukuze na neno mwanafunzi kana kwamba ndiyo hukumu.

Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka huohuo 2004, inakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu anapotoka, dini na maoni ya kisiasa, na imetaja mafunzo kwa jina lake kuwa miongoni mwa mambo ambayo ubaguzi umekatazwa. Nalisema hili hasa kwa ajili ya mji huu na mwenzake. Mwaka 2010 majimbo ya Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe yote yalikwenda upinzani. Mtu asikuulize kadi ya chama kabla ya kukuuliza cheti cha shule.

Lakini tusidanganyane. Ofisi ya CMA ya mkoa iko Kigoma. Kutoka Kibondo mpaka Kigoma ni zaidi ya kilometa 200. Ukiwa mwanafunzi wa chuo tu, hujapelekwa popote kazini, hata CMA si mahali pako. Unaanza kwa mkuu wa chuo, ambaye mara nyingi ndiye unayemlalamikia, halafu VETA kanda, na kanda yetu ya Magharibi makao yake ni Tabora. Suala la usajili wa chuo au uhalali wa cheti ni la NACTVET. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, viko upande wa Wizara ya Elimu. Huo si utaratibu, ni kuzungushwa. Kijana asiye na nauli ya kwenda Tabora ameshashindwa kabla hajasikilizwa.

Wakisema haiwezekani kuwa na ngazi moja iliyo wazi, waulizeni wengine wanafanyaje. Marekani, ambayo viongozi wetu wanapenda sana kuitembelea, ina sheria ya mafunzo ya kazi ya mwaka 2014. Inalazimisha kila jimbo na kila eneo linalopokea fedha za mafunzo liwe na utaratibu wa malalamiko, mlalamikaji apewe nafasi ya kusikilizwa, na jambo limalizwe ndani ya siku 60. Siku zikipita kimya, kilio kinaruhusiwa kupanda mpaka kwa Waziri wa Kazi. Kwetu uanagenzi umewekewa mwongozo wa mwaka 2017. Mwongozo, ndugu zangu. Mwongozo si sheria.

Wala msiende mbali. Nendeni Nyarugusu. Mkimbizi kambini anakuta dawati la malalamiko na sanduku la maoni la mashirika. Sisemi hivyo kwa wivu. Mkimbizi ana shida zake, na sanduku peke yake halijamshibisha mtu. Lakini sanduku lile lipo kwa sababu mtoa fedha amelidai. Hata Benki ya Dunia, masharti yake yaliyoanza mwaka 2018 yanadai miradi yake iwe na njia ya malalamiko kwa wafanyakazi na kwa wananchi. Mzungu akitoa fedha, anauliza mlalamikaji atakwenda wapi. Sisi fedha yetu wenyewe ya tozo hatuiulizii!

Kuna milango mingine, niipitie haraka. Ukiombwa fedha, au dada yako akiombwa mwili wake ili apate nafasi au cheti, hilo si malalamiko ya chuo, ni jinai. Rushwa ya ngono imo katika kifungu cha 25 cha sheria ya TAKUKURU ya mwaka 2007. Namba ni 113, hulipii. Na nyinyi wavulana mnaocheka hapo nyuma, acheni. Dada huyo akisema, mtu wa kwanza kumwamini awe wewe.

Jina lako limekatwa na hujui kwa nini? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, inakupa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi ina siku zisizozidi 30 kukujibu. Omba vigezo vilivyotumika kuwachagua waliochaguliwa. Wengi watashtuka kupokea barua hiyo.

Halafu ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza mwaka 2001 kuchukua nafasi ya ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966. Ile ya zamani tulisifiwa nayo Afrika nzima, lakini taarifa zake zilikwenda kwa Rais, naye ndiye aliyeamua. Hii mpya inapokea malalamiko bila malipo, inachunguza, inapendekeza. Msiende na matumaini ya kitoto. Wanakijiji wa Nyamuma, Serengeti, walioondolewa kwa nguvu mwaka 2001, Tume iliwapa haki na kupendekeza walipwe. Serikali ikagoma. Ikabidi kesi ipande mpaka Mahakama ya Rufani. Pendekezo si malipo. Lakini bila ya malalamiko yale yaliyoandikwa, wangekuwa hata hawana cha kupandisha mahakamani.

Tunachodai kwa halmashauri zote mbili ni kitu kidogo sana, siyo kile kitu kidogo chao. Fomu ya kujiunga na mafunzo iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili: nani anapokea malalamiko hapahapa wilayani, siku ngapi za kujibu, na nani mwingine, asiye chini ya mkuu wa chuo wala mwenye karakana, atasikiliza rufaa. Madiwani wenu wanakaa vikao. Waulizeni kabla ya kikao, siyo baada.

Sasa maswali. Nimeletewa kikaratasi hapa, kijana anasema aliondolewa karakanani miezi miwili iliyopita, siku 30 zimepita, je amekwisha? Hujakwisha. Ipo fomu namba 2, ya kuomba shauri lipokelewe nje ya muda. Lazima ueleze kila siku uliyochelewa ilipotelea wapi, na hapo ndipo zile barua zenye muhuri zitakapokusemea. Unazo? Njoo nazo hapa mbele, tuzitazame pamoja.