Fedha Kabla ya Jeraha: Kugharimia Tiba ya Dharura ya Wanyama Wasio na Mwenyewe

Tiba ya dharura ya mnyama asiye na mwenyewe hukwama kwa kukosa mlipaji kabla hata haijakwama kwa kukosa dawa. Ng'ombe anayevunjika mguu akitolewa mnada wa Pugu, Dar es Salaam, kupelekwa machinjio ya Vingunguti ana mwenyewe, na mwenyewe huyo hupiga hesabu ya nyama palepale. Mbwa anayegongwa na bodaboda Segerea, katika jiji hilohilo, hana wa kumpigia hesabu.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe anayehisi maumivu, na humbebesha mwenye mnyama jukumu la kumtunza. Kituo cha kuokoa wanyama kinapompokea mbwa wa mtaani, kwa vitendo kimekuwa ndicho mwenyewe, na deni la matibabu huingia naye getini. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 nayo imeiacha kazi ya tiba mikononi mwa wataalamu waliosajiliwa. Jirani mwema anaweza kumfunika mbwa kwa gunia na kumpakia kwenye bajaji. Kisu si chake.

Mfupa mmoja wa paja uliovunjika hudai dripu, dawa ya maumivu, eksirei, nusu kaputi, upasuaji, kisha wiki kadhaa za kizimba na kubadilisha bandeji. Nchini Tanzania taaluma hii imejengwa zaidi juu ya mifugo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha madaktari, na Wakala wa Maabara ya Veterinari upo Temeke, lakini maduka mengi ya dawa za mifugo mitaani hutegemea wafugaji wa kuku na ng'ombe. Vifaa vya kumpasua mbwa ni vichache, na uchache hupandisha bei.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye saa. Mtoto wa mbwa mwenye parvo, anayeharisha damu, anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Picha yake ikisambazwa kwenye simu, michango huanza kuingia, lakini mara nyingi hukamilika akiwa ameshazikwa. Ndiyo maana mfuko wa dharura wenye maana hujazwa kabla ya tukio. Hukaa kwenye akaunti yake, mbali na fedha za chakula na mishahara, na daktari wa zamu hupewa kiwango anachoruhusiwa kutumia kwa kila mnyama bila kusubiri kikao. Juu ya kiwango hicho, watu wawili walioteuliwa mapema huamua kwa simu usiku uleule. Kliniki inayokubali kutibu kwanza na kulipwa mwisho wa mwezi ina thamani kuliko mfadhili mmoja mkubwa, na michango midogo ya kila mwezi hutegemeka kuliko harambee. Wachangiaji huonyeshwa risiti pamoja na matokeo, na waliokufa huhesabiwa pia.

Mifano haikosekani. Nairobi ina chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama tangu 1910. Mwaka 1917 Maria Dickin alifungua Whitechapel, London, kliniki ya bure kwa wanyama wa maskini, kazi iliyokua kuwa shirika kubwa la michango. Karibu zaidi na mila za Pwani ipo wakfu: Dameski inakumbukwa kwa malisho yaliyowekwa wakfu kwa farasi waliozeeka, na Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyumba moja ya kupanga Segerea, ikiwekwa wakfu kwa tiba ya wanyama, kodi yake ingelipa kila mwezi bila kugusa mtaji.

Mfuko wa dharura lazima uwakinge watu pia. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, wapatao 1,500 wakiwa Tanzania, na mbwa mwenye maumivu huuma hata mkono unaomwokoa. Chanjo za wahudumu ni gharama ya dharura. Chanjo za mbwa wenyewe, pamoja na kuwafunga uzazi, hupunguza wagonjwa wa kesho, ingawa picha ya mbwa aliyechanjwa haimtoi mtu machozi wala fedha.

Wapo wasiotibika: uti wa mgongo uliokatika, kichaa kilichokwisha kudhihiri. Bei ya sindano ya kuwapumzisha huwekwa mfukoni humo, kwa sababu isipokuwepo, mnyama huachwa afe polepole kwenye kona ya kizimba.