Stika haibanduliwi kwa hasira



Leo sizungumzii bei ya unga wala foleni ya Ubungo. Nataka tuzungumze habari ya stika, yale maandishi ya plastiki yanayobandikwa milangoni mwa magari: jina la kampuni, namba ya simu, methali, au nembo ya klabu. Utasema, stika nayo ni jambo la kutangazwa redioni? Nisikilize kwanza, halafu uamue mwenyewe.

Mwaka jana nilinunua kigari cha mkono wa pili, cheupe, injini nzima, matairi yana nafuu. Kilikuwa na ila moja tu. Kwenye milango yote miwili ya mbele kulikuwa na jina la duka la samani, kwa herufi nyekundu kubwa kama kiganja. Duka lenyewe lilikuwa limekwisha kufungwa. Aliyeniuzia aliniambia, "Hiyo ni kazi ya kubandua tu." Nami nikaamini, nikawa naahirisha wiki hadi wiki.

Siku moja nimeegesha Kariakoo, mama mmoja akaja akashika ukingo wa dirisha. Hakunisalimu. Akauliza, "Kaka yangu, kabati langu liko wapi?" Akafungua pochi, akatoa stakabadhi iliyokunjwa mara nne, ya malipo ya awali. Nikamweleza kwamba mimi nimenunua gari, sikununua duka. Akalitazama lile jina mlangoni, akanitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: "Kila mtu ananiambia hivyo hivyo." Watu wakaanza kukusanyika. Mpaka nilipomwonyesha kadi ya gari ndipo akakubali. Akaondoka bila kuongeza neno, stakabadhi yake mkononi. Usiku ule sikulala vizuri.

Kesho yake alfajiri nikaenda gereji ya mtaani, nina hasira na lile jina kana kwamba limenitukana. Hapo ndipo nilipokosea. Kijana mmoja akaniambia, "Bosi, kazi ya dakika tano hii." Akachukua wembe na chupa ya tinna. Kweli, dakika tano hazikwisha, herufi zikawa zimetoka. Zilitoka pamoja na rangi! Kumbe mlango ule uliwahi kupigwa rangi upya, na rangi nyingi za mtaani zikikutana na tinna huyeyuka. Palipopita wembe pakabaki mikwaruzo mpaka kwenye bati. Kijana akajikuna kichwa, akasema, "Sasa bosi, hapa inabidi tupige rangi mlango mzima."

Mlango wa pili nikampelekea mzee mmoja anayeandika vibao na maandishi ya magari. Niliwaza kwamba ajuaye kubandika ndiye ajuaye kubandua. Mzee alipouona ule mlango wa kwanza alisikitika tu, akasema, "Mwanangu, kaa hapa ujifunze." Alivyonifundisha, nami nawafundisheni.

Stika ni utando wa plastiki wenye gundi nyuma yake. Ikiwa mpya huwa laini, huvutika. Ikipigwa jua miaka mingi, vile vitu vinavyoilainisha hutoka polepole, ikakauka na kupasuka vipande vipande kama ganda la yai. Gundi nayo ikiwa baridi ni ngumu, ikipata joto hulegea. Kwa hiyo kazi hii inataka joto, haitaki nguvu.

Tulianza kwa kuosha mlango kwa maji na sabuni, maana mchanga ukibaki, kila utakaposugua utakwaruza. Tulipokwisha kuukausha, mzee akachukua draya ya nywele, ile ile ya saluni. Akaishika mbali kidogo na bati na kuipitisha huku na huku bila kuisimamisha mahali pamoja. Kipimo chake kilikuwa kiganja: bati liwe moto, lakini mkono uvumilie. Kama huna draya, au umeme umekatika, egesha gari juani kwa muda. Jua la Dar es Salaam halina bili. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto nacho hufaa. Lakini usithubutu kusogeza moto wa mkaa.

Herufi ikishapata joto, inua pembe yake kwa ukucha, au kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Kisha ivute polepole, ikijikunja kurudi nyuma juu yake yenyewe, karibu kabisa na bati. Usiivute kuja kifuani kwako, kwani hivyo ndivyo rangi inavyonyanyuka, hasa rangi iliyorudiwa. Stika ikikatika, pasha tena. Ukiona rangi inainuka, acha hapo hapo, umwite fundi wa rangi. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Baada ya hapo hubaki gundi, inata na kukusanya vumbi. Hiyo huondolewa kwa mafuta ya taa kidogo, au spiriti, kwenye kitambaa laini. Fanya kazi hiyo kivulini, bati limepoa, na asiwepo mvuta sigara karibu. Lakini jaribu kwanza kwenye ukingo wa chini wa mlango ule ule. Nasema ule ule kwa sababu mlango mmoja unaweza kuwa na rangi ya kiwandani na mwenzake rangi ya mtaani. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, usiendelee. Kisipotoka na kitu, kilaze juu ya gundi dakika chache, ndipo ufute. Malizia kwa maji ya sabuni kuondoa mafuta.

Petroli weka mbali, hushika moto upesi mno. Stilwaya ya kusugulia masufuria iache jikoni. Wembe una mahali pake, nako ni kwenye kioo cha mbele kilicholoweshwa maji ya sabuni, kuondoa stika zilizopitwa na wakati. Kioo cha nyuma ukiona kina vile vistari vyembamba vya kupasha joto, usikipitishie wembe, utavikata.

Ilituchukua nusu siku. Mlango ule ukatoka mzima, mzee akapitisha kompaundi kwa mkono mwepesi, maana nayo hula rangi kidogo, kisha akapaka nta. Malipo aliyoniomba yalikuwa madogo kuliko niliyolipa kurudishia rangi mlango wa kwanza.

Hata hivyo, jua la asubuhi likiupiga mlango ule kwa ubavu, jina la duka bado linasomeka, hafifu. Rangi iliyokaa chini ya herufi haikuchakaa sawa na ile iliyokaa wazi. Kila ninapoliona namkumbuka yule mama na stakabadhi yake. Mimi nimeshajitoa katika deni lisilo langu, kwa draya na mafuta ya taa. Yeye kabati lake hajalipata, au kama amelipata, si kwa msaada wangu.

Kwa hiyo, ninyi wenye biashara, mnapouza gari, ondoeni kwanza jina lenu, na mnapofunga duka, malizaneni kwanza na wateja wenu. Nawe mnunuzi, usilipe mpaka jina la mwenzio limebanduliwa, na usimamie mwenyewe linavyobanduliwa. Ukimwona fundi ameshika wembe, mnyang'anye, umpe draya.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.